Nilivyochunga Kwenye Waridi la Sengi

Jirani yangu mmoja, binti mdogo tu aliyehamia hapa Mpanda juzijuzi, alinigongea mlango wiki iliyopita kuniuliza dawa ya wadudu wa maua. Alikuwa ameshanunua makopo mawili dukani, amepuliza yote, na wadudu wapo tu wanamwangalia. Nikamwambia aende sokoni anunue tumbaku ya majani, ailoweke usiku kucha, achuje, atie sabuni kidogo, apulizie jioni jua likishapoa. Alinitazama kama mtu anayeelekezwa kwa mganga. Lakini alifanya. Asubuhi yake nilipofungua dirisha harufu ikaingia mpaka kitandani, kali na chungu, na chini yake kuna utamu fulani unaokufanya umeze mate hata kama hutaki. Nikakaa kitandani nikalia. Mtu mzima na wajukuu wangu, nalia kwa sababu ya maji ya tumbaku.

Basi nyie wa rika langu, mliokula ugali wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kuvaa sare iliyokatwa kutoka kwenye gauni la dada mkubwa, kaeni niwasimulie. Vijana wa sasa watasema bibi amechoka, na wala sitawabishia.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Baba alitoka Usukumani akiwa kijana, akaja na kundi lake kidogokidogo, msimu hapa, msimu pale, mpaka akatua pande za Kasokola. Kwake yeye jambo la kuhama lilikuwa rahisi. Nyasi zikiisha, unawasogeza ng'ombe kwenye nyasi nyingine. Humlaumu mtu, humwombi mtu radhi, unahama tu. Mimi nilianza kuchunga ndama tangu nilipoweza kuinua fimbo, na ng'ombe wa nyumbani niliwajua kwa majina, kwa rangi na kwa tabia, nani mpole na nani anarusha teke ukimkamua na mikono ya baridi.

Halafu viongozi wa kijiji wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, wakiuliza kila mtoto yuko wapi na kwa nini hayuko shule. Baba alihangaika siku kadhaa, mwisho akanichagua mimi kati ya watoto wake, akanipeleka Mpanda mjini, Kashaulili, kwa dada yake. Kwetu shangazi anaitwa sengi, na mimi sikumwita jina lingine mpaka siku tunamzika. Wakati wa kuniacha baba alimwambia, mimi nimesimama hapohapo, "Akikusumbua nirudishie. Ndama hawana mtu." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana niliyachukua maneno yale kama yalivyo. Nilijua nimeletwa kwa majaribio, kama ng'ombe wa kuazima, na nikikosea nitarudishwa.

Na kurudishwa sikutaka. Shule nilikuwa nimeshaipenda kuanzia wiki ya kwanza, ile ya kuandika herufi kwa kidole kwenye mchanga mwalimu akipita na kijiti chake. Sengi naye nilimpenda, ingawa nilimwogopa. Alikuwa mrefu, mwenye mwendo wa haraka, mtu wa sala na mtu wa usafi. Mumewe alikuwa fundi wa njia ya reli, mzee wa maneno machache, ambaye akitoka kwenda kazini alikuwa anakaa wiki mbili porini na genge lake kabla ya kurudi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu. Mtoto hakuwa naye. Hilo hakuna aliyeniambia, lakini nyumba yenyewe ilisema, maana vikombe vyote kabatini vilikuwa vizima na hakuna hata kimoja kilichovunjika mkono.

Mbele ya mlango, karibu na dirisha, kulikuwa na waridi. Waridi jekundu, lililofika urefu wa kifua cha mtu mzima, lenye matawi yaliyofungana upande wa ukutani. Sista mmoja wa misheni alimpa Sengi kijiti tu ndani ya kopo la maziwa, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, na yeye akakilea mpaka kikawa vile. Mtaa mzima hakukuwa na waridi lingine. Kila mwaka ikikaribia Sikukuu ya Ekaristi, wakati jua la kiangazi limeanza na asubuhi kuna baridi, akina mama walikuwa wanawatuma mabinti zao kwa Sengi na vikapu vidogo, kwa sababu wasichana ndio wanaotangulia kwenye maandamano wakirusha maua mbele ya Padri. Sengi anakaa kwenye kigoda, anachambua maua, anagawa petali kikapu kwa kikapu, anamfunga huyu shela, anampaka yule mafuta usoni. Siku moja hiyo katika mwaka uwanja wake ulijaa watoto. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba miezi mingine kumi na moja alikuwa anaingojea.

Mwaka ule na mimi nilikuwa nirushe maua. Nilikuwa nimebatizwa Pasaka, nimepewa jina refu ambalo nilikuwa bado silijibu vizuri nikiitwa, na Sengi alikuwa ameshanishonea gauni jeupe kwa shuka. Na kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile, aliyonikabidhi kwa mkono wake, ilikuwa kumwagilia lile waridi kila jioni kwa maji ya kuogea. Aliniambia nisilikosee. Nikaitikia.

Lakini moyo wangu, jamani, ulikuwa Kasokola. Nilizikosa harufu za zizi. Nilikosa kuamshwa na ndama. Maziwa ya mjini yalikuwa ya unga, yalitoka kwenye kopo, unayachanganya kwa kijiko, na mimi niliona aibu kuyanywa. Jioni nikimaliza kumwagilia nilikuwa najificha nyuma ya waridi, kati ya matawi na ukuta, mahali ambapo mtu wa barabarani hakuoni, nalia kidogo halafu nafuta uso natoka.

Ni huko nilikowaona.

Walikuwa kwenye chipukizi changa, chini kidogo ya tumba la ua. Wadudu wa kijani, wadogo kuliko punje ya uwele, wamejipanga kichwa chini, hawasogei, wametulia kabisa kama ng'ombe walioinamia lambo. Kulikuwa na wakubwa na wadogo, na wadogo walikaa karibu na wakubwa. Katikati yao walipita sisimizi weusi. Niliwatazama mpaka shingo ikauma. Sisimizi mmoja alisimama nyuma ya kidudu kimoja, akakigusagusa mgongoni kwa pembe zake, taratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kukamua. Kidudu kikatoa tone dogo linalong'aa. Sisimizi akalinywa, akaenda kwa mwingine.

Nyie, nilishika mdomo. Nilikuwa nimepata kundi. Hapa mjini, kwenye nyumba ya vikombe vizima, kulikuwa na watu wangu na ng'ombe wao, na hakuna mwingine aliyejua.

Tangu siku ile nikawa nachunga. Nilitoka shule mbio, wenzangu wakicheza rede mimi nipo nyuma ya waridi. Niliwapa majina ya ng'ombe wa nyumbani. Aliyekuwa mweusi kidogo nilimwita kwa jina la dume la baba. Ikawa kila siku wanaongezeka, na mimi nikawa najivuna, maana kwetu kundi likikua ni mchungaji anayesifiwa. Majani ya chini yalianza kunata, ukiyagusa vidole vinashikana, nikasema maziwa yamekuwa mengi mpaka yanamwagika. Baadaye yakawa na weusi kama masizi ya sufuria. Hilo sikulipatia maelezo, nikaliacha.

Halafu wakaja fisi. Hivyo ndivyo nilivyowaita. Wadudu weusi, warefu kidogo, wenye miguu sita na madoa ya njano mgongoni, wanaotambaa wamejikunyata kwa namna ya kunyemelea. Nilimwona mmoja kwa macho yangu akimkamata ndama na kumfyonza mpaka akabaki ngozi. Damu yangu ilichemka. Mtoto wa mfugaji hafundishwi la kufanya akiona fisi zizini. Nilichukua mwiba wa waridi lenyewe nikamchoma, na kuanzia hapo kila siku kabla ya kumwagilia nilikuwa nafanya doria jani kwa jani, juu na chini. Ninamwona, namuua. Baada ya wiki mbili hawakuonekana tena, na mimi nilitembea shuleni kifua mbele. Wale wadudu wengine wekundu, wa mviringo, wenye madoa meusi, niliwaona wazuri tu, nikawaacha. Wakawa wanakuja wachache, wanaruka wanaenda zao.

Chipukizi za upande wa dirisha zikaanza kujikunja. Majani yakawa mafupi, yamekunjamana, na matumba yakanyauka kabla ya kufunguka. Mtu mwingine angeona mti unaumwa. Mimi niliona malisho yameisha. Na malisho yakiisha unafanyaje? Nilitafuta unyoya wa kuku, nikawabeba ng'ombe wangu mmojammoja, nikawahamishia matawi ya upande wa pili ambako chipukizi zilikuwa bado laini. Ilikuwa kazi ya siku nyingi na niliifanya kwa uaminifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Sengi hakuwa mjinga. Aliyaona majani, akaona na wadudu. Kwanza alinyunyiza majivu asubuhi wakati umande upo, ili yashike. Jioni mimi nikamwagilia kuanzia juu, maana sikuweza kuwaona ng'ombe wangu wamefunikwa vumbi, na majivu yote yakaenda chini. Halafu akachanganya maji ya sabuni, wakati ambao sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Bahati mbaya alikuwa na tabia ya kutangaza kazi ya kesho leo. Akisema kesho nitaosha upande huu, mimi jioni nahamisha mifugo kwenda upande wa ukutani, ambako miiba ilimzuia kuingiza mkono. Mwisho akaloweka tumbaku. Ile harufu ilijaa nyumba nzima siku tatu, tukawa tunakula nayo na kulala nayo. Aliponyunyiza, wadudu wengi walikufa kweli, na mimi nililia nyuma ya choo. Lakini niliowaficha ukutani walibaki, na baada ya wiki moja kundi likarudi kuwa lilelile.

Alichoka. Nilimwona amesimama mbele ya waridi, mikono kiunoni, midomo inacheza kwa sala. Sikukuu ilikuwa imebaki kama wiki tatu.

Wakati huo ndipo Mama Vero aliposema neno lake. Mama Vero alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mama wa watoto saba, na Vero wake alikuwa darasa moja na mimi. Nilikuwa bombani na ndoo yangu, yeye na wenzake wanazungumza habari za waridi la Sengi kwamba mwaka huu halina hata ua, na yeye akasema, "Ua nalo limemfuata mwenyewe." Wenzake wakacheka kwa sauti ya chini. Mimi nilidhani ni sifa. Kwetu mtoto akimfuata mama yake ni jambo la kupongezwa. Nikabeba ndoo mpaka nyumbani, nikamkuta Sengi anasonga ugali, nikamwambia kwa furaha kabisa kwamba Mama Vero amelisifu waridi lake, amesema limemfuata mwenyewe.

Mwiko ulisimama. Hakunigeukia. Kisha akaendelea kusonga, na ugali ule ulikuwa mgumu kama tofali na tuliula wote wawili. Msiniulize kwa nini moyo wa mtoto haujui maana na bado unajua kwamba umeumiza. Nilijua nimemchoma, sikujua kwa nini.

Kesho yake alivaa kanga nzuri akaenda kumwita Bwana Shamba.

Bwana Shamba alikuwa mtu wa tumbaku, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu, anayezunguka na baiskeli kwa wakulima. Kumwita kwa ajili ya ua ilikuwa ni ujasiri. Angeweza kucheka. Lakini alikuja, akaegesha baiskeli, akatoa mfukoni kioo cha mkono cha kukuzia vitu, akapiga goti kwenye vumbi na soksi zake nyeupe. Alikaa pale muda mrefu, anageuza jani, anatazama, anageuza lingine. Mimi nilisimama nyuma ya Sengi nimeshika kanga yake.

Akasema, "Mama, hawa ni vidukari. Wanafyonza maji ya mti mpaka chipukizi linajikunja. Lakini usiwaone hao peke yao, tazama na sisimizi. Hawa sisimizi hawapiti njia tu. Ndio wenye mali. Wanawafuga hawa, wanawalinda, wanawakamua."

Mioyo miwili ilidunda ndani yangu kwa wakati mmoja, mmoja wa furaha na mmoja wa hofu. Mtu mzima, tena msomi, alikuwa ameona nilichokiona mimi. Furaha ikashinda, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Na fisi wao wanaitwaje?"

Bwana Shamba akageuka. Akauliza fisi gani. Nikamwambia wale weusi, wenye madoa ya njano mgongoni, wanaokula ng'ombe. Hakucheka. Alirudi chini akatafuta, na alitafuta sana, mpaka kwenye jani moja la chini kabisa akapata mmoja aliyeniponyoka. Pembeni yake kulikuwa na yule mwekundu wa mviringo. Akaniita, akanishikisha kioo, akaniambia nitazame. Fisi wangu alikuwa mkubwa ghafla, anatafuna.

"Huyu mweusi ni mtoto wa huyu mwekundu," alisema. "Akikua anakuwa hivi. Hawali jani hata kidogo, chakula chao ni vidukari. Mama, nilikuwa nashangaa askari wako wamekwenda wapi. Kwenye mti wenye vidukari wengi hivi walitakiwa wajae."

Mimi nikasema, "Nimewaua mimi."

Na nilipokwisha kuanza sikuweza kunyamaza. Nikasema yote, doria, mwiba, unyoya wa kuku, majivu niliyoyaosha, ukutani nilikowaficha. Nilisema kwa Kisukuma kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikimbia, na Sengi ikabidi amtafsirie Bwana Shamba makosa yangu sentensi kwa sentensi, kwa sauti yake mwenyewe. Alipofika kwenye kuhamisha malisho sauti ilikwama kidogo. Sikujua kama ni kilio au ni nini.

Bwana Shamba akaeleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza, yeye anayo dawa ya kwenye mashamba ya tumbaku, kali, akiipuliza leo basi wadudu kwisha, na yale matumba machache ya juu yaliyobaki yanaweza kufunguka yakawahi Sikukuu. Ya pili, kukata kila tawi lililoguswa, kuchoma moto, kufunga kitambaa chenye grisi kwenye shina ili sisimizi wasipande tena, halafu kungoja. Lingechipua upya, lakini maua yasingekuwepo kabla ya miezi miwili au zaidi.

Sengi aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama mtoto akishika petali iliyopulizwa dawa ile, halafu akatia vidole mdomoni, itakuwaje. Bwana Shamba akatazama soksi zake. Akasema yeye binafsi asingempa mwanawe.

"Basi nitakata," alisema Sengi, akaingia ndani kutafuta mkasi.

Mimi nilikuwa nimeshajua hukumu yangu. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikachukua sare, daftari na lile gauni jeupe, halafu nikaliacha gauni kwa sababu si la mtu wa kuchunga. Nikafunga vitu ndani ya kitenge nilichokuwa najifunika. Nilifika kwenye wigo wa minyaa Sengi akanikuta, mkasi mkononi.

"Unakwenda wapi na kitenge changu?"

Nikamwambia nyumbani. Nikamwambia baba alisema nikisumbua nirudishwe.

Alinitazama, na nikaona ile midomo ya sala inatetemeka, na safari hii nikajua kabisa kwamba ni kicheko na kilio vinagombania njia moja. Akasema, "Baba yako tangu utoto hana utani mzuri. Weka hicho chini, uje unishikie matawi. Miiba inaniumiza."

Tulikata mpaka jioni. Kila tawi lililoanguka nililipokea mimi, na juu yake waliosimama walikuwa ni wale wale niliowapa majina, na tuliyarundika yote tukayatia moto, na sitawadanganya, iliniuma. Moshi wa waridi bichi unawasha macho, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu yake ya kufuta machozi. Sengi akachana kipande cha shuka, akakifunga kwenye shina, akapaka grisi ya mumewe ya reli mpaka viganja vikawa vyeusi. Waridi likabaki vijiti vinne vinavyonifika magotini.

Ndipo, huku ananawa, akaniambia jambo ambalo sidhani kama aliwahi kumwambia mtu. Alisema alipoolewa akaletwa mjini, mwaka wa kwanza wote, akisikia ng'ombe wanapitishwa barabarani alikuwa anaacha chungu motoni anatoka nje. Si kuwatazama, maana hakuwajua ni wa nani. Alikuwa anasimama tu anavuta lile vumbi lao puani. Alisema watu wakadhani amechanganyikiwa. "Ungeniambia," alisema. "Tungelia wawili." Nilimkumbatia kiuno, na mikono yake ilikuwa na maji na grisi, hakujua aiweke wapi, mwisho akaiweka kichwani kwangu.

Sikukuu ilifika. Siku ile hakuna binti aliyekuja na kikapu, habari zilikuwa zimeenea. Uwanja ulikuwa mweupe, umefagiwa kama kawaida yake, na kigoda kiko palepale. Sengi alinivika lile gauni la shuka, akanifunga shela, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa, kisha tukaenda stesheni, akamwomba mkuu wa stesheni maua ya bogenvilia yaliyotambaa kwenye uzio. Akajaza kikapu. Yalikuwa makavu makavu, mepesi, hayana harufu yoyote, nikaona haya kuyashika.

Nje ya kanisa akina mama walikuwa wanawapanga watoto. Mama Vero alikuwa mbele, anamnyoosha Vero kola. Alitutazama sisi, akatazama kikapu, akauliza kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia kama mwaka huu waridi limeshindwa kabisa kuzaa. Wenzake wakageuka kusikiliza. Nilihisi mkono wa Sengi umebana wangu. Sasa nilikuwa nimeelewa, na nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu aliyemfikisha mahali pale, mbele ya wanawake wale, ni mimi.

Sengi akasema, "Halikushindwa. Nimelikata mwenyewe. Mwanangu alikuwa anachungia ng'ombe wake humo."

Mama Vero akaiacha kola ya Vero. Akauliza, kwa sauti ndogo sasa, mwanao yupi.

"Huyu," alisema Sengi. Akanirekebisha shela, ingawa ilikuwa imekaa sawa, akanisukuma taratibu niende nikajipange na wenzangu.

Kengele ikalia tukaanza kutembea. Tulitangulia sisi wasichana, nyuma yetu Padri na Ekaristi chini ya kitambaa cha dhahabu, halafu watu wote, wanaimba, wanapiga magoti kwenye vumbi kila inapopita. Nilirusha yale maua ya stesheni kwa nguvu zangu zote. Kila nilipogeuka nilimtafuta Sengi, na kila mara nilimwona. Alikuwa mtu wa sala kuliko wanawake wote wa mtaa ule, lakini siku ile, Mungu amsamehe, hakuitazama Ekaristi hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi.